Jasho la Kusini na Mwezi wa Kisimani



Methali tuliyolelewa nayo husema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Tumeisikia shambani, tumeisikia shuleni, na kila mzazi amhimizaye mwanawe kushika jembe huitoa kama sarafu isiyochakaa. Nami siikatai. Lakini Jumapili ya leo nawaombeni tumkumbuke mtu mwingine ambaye methali hiyo haimtaji: yule aliyechumia juani kweli kweli, akafika kivulini jua likitua, akafungua kikapu chake akakuta hamna kitu. Mtu huyo tumwambie nini? Kwamba hakujitahidi? Kwamba angengoja kidogo? Watu wa pwani ya Mtwara na wa bara yake, kuanzia Mikindani hadi Nachingwea, na kutoka Uwanda wa Makonde kushuka hadi mlangoni mwa mto Ruvuma, wanalijua swali hili kwa kulionja, wala si kwa kulisoma.

Ili tulitafakari vema nimeamua kuazima hekima ya watu wa mbali, nao ni Wabudha wa China, ambao kwa karne nyingi wamekuwa wakimpa mtu aliyechoshwa na kazi yake ubeti mfupi wa kusoma. Ubeti huo tutaufikia. Kwanza tuijue kazi yenyewe.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa imeshinda lakini ina njaa. Mafuta ya kula na siagi vilitolewa kwa mgao. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, iliyokuwa chini ya Unilever, alitoa wazo kwamba karanga zilimwe Afrika ya Mashariki kwa mitambo, katika mashamba ambayo ukubwa wake haujapata kuonekana. Serikali ikamtuma John Wakefield, aliyekuwa amepata kuiongoza Idara ya Kilimo ya Tanganyika, aje aitazame nchi pamoja na wenzake wawili. Walizunguka kwa muda wa majuma machache, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi na taarifa. Yatafunguliwa mashamba makubwa 107, kila moja la ekari 30,000, jumla ekari 3,210,000. Mashamba 80 yatakuwa Tanganyika, mengine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Na katika hayo 80 ya Tanganyika, 55 yangekuwa katika Jimbo la Kusini. Gharama ilikadiriwa kuwa kama pauni milioni 24. John Strachey, Waziri wa Chakula, aliutetea mpango huo Bungeni kwa ufasaha mkubwa, na mwaka 1947 kazi ikaanza.

Ilianza Kongwa, katika nchi ya Wagogo, na hapo ndipo ilipovunjika mguu. Matrekta yaliyopatikana yalikuwa mabaki ya vita, mengine yamenunuliwa kutoka Ufilipino, yamechoka hata kabla ya kuwashwa. Vifaru vya vita vilivuliwa mizinga vikageuzwa kuwa matrekta. Vichaka vya Kongwa vilifyekwa juu, lakini mizizi yake ilibaki chini na kuvunja majembe. Mibuyu iliwashinda. Ikaja mvua haba. Na tena kulikuwa na jambo la udongo, ambalo mkulima yeyote wa Kusini angelieleza bila kulipwa. Ua la karanga, likisha kuchanua juu ya ardhi, huteremsha kijiti chake na kukichoma mchangani, na karanga hukua humo chini gizani. Udongo ukiwa mwepesi, kijiti huingia na mvunaji hung'oa shina kwa mkono mmoja. Udongo wa Kongwa ulikuwa na mfinyanzi. Jua lilipouchoma ukawa kama tofali, na karanga zilizokuwamo zikawa zimefungiwa gerezani.

Basi matumaini yakahamishiwa Kusini. Nchi ya Nachingwea ilikuwa na mvua nzuri zaidi, ila misitu yake ilikuwa mizito na njia hakuna. Ikabidi kwanza ijengwe njia. Reli ilianza kutumika mwaka 1949 kutoka Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, hadi Nachingwea. Karibu na Mikindani, mji mkongwe wa majahazi, ikachaguliwa ghuba yenye kina kikubwa iitwayo Mtwara, ili ijengwe bandari ya meli kubwa na mji mpya kando yake. Ramani zikachorwa, barabara pana zikapimwa. Mtu akiutembelea mji wa Mtwara hata leo ataona jinsi ulivyotandazwa kwa nafasi, kama nguo iliyoshonwa kwa mtoto anayetarajiwa kukua sana.

Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango umekwisha. Zaidi ya pauni milioni 36 zilifutwa katika vitabu vya hesabu. Yaliyobaki yaligeuzwa kuwa mashamba ya majaribio, madogo na ya kiasi. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, miaka mitatu baada ya shehena iliyojengewa kufa. Reli iliunganishwa na bandari hiyo, ikasukumwa hata Masasi mwaka 1958, na mwanzoni mwa miaka ya 60 ikafungwa kwa kukosa mzigo. Vyuma vyake viling'olewa. Alan Wood, ambaye alikuwa msemaji wa shirika lililouendesha mpango, aliandika kitabu juu yake mwaka 1950, hata kabla ya mazishi rasmi.

Wapendwa, habari hii imesimuliwa mara nyingi, na karibu kila mara inasimuliwa kama kichekesho cha Waingereza: mawaziri wao, pauni zao, vifaru vyao. Ni nadra kusikia ikiulizwa habari za wale waliozishika shoka. Maelfu ya vijana wa Kiafrika waliacha mashamba yao wakaenda kufyeka. Wengine wao, na ndugu zao kabla yao, walikuwa wamekwisha kuizoea safari ya kwenda mashamba ya mkonge, ambako wafanya kazi waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba aliyopewa, na siku zake za kazi zilihesabiwa kwenye kipande cha karatasi. Wamakonde wa upande wa Msumbiji walivuka Ruvuma kwa mitumbwi wakikimbia kazi ya lazima ya Wareno, wakaja kuhesabiwa vivyo hivyo upande huu. Kijana aliyefyeka Nachingwea alipata ujira wake, hilo ni kweli. Lakini mtu hafanyi kazi kwa ujira tu. Alikuwa ameambiwa kwamba msitu ule unageuka kuwa utajiri wa nchi. Alipoiona miche ikirudi kuota mahali alipotoa jasho, alihesabu nini?

Sasa twende China, na msidhani ya kuwa ni mbali mno na mada yetu. Vigae vya vyombo vya Kichina vimefukuliwa Kilwa na mahali pengi pa pwani yetu, na dini ya Budha yenyewe si mgeni wa jana katika nchi hii: Wasinhala waliotoka Sri Lanka walijenga hekalu lao Upanga, Dar es Salaam, katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, wakapanda hapo mti wa Bodhi, wa jamii ile ambayo Budha aliketi chini yake. Lakini desturi ninayotaka kuieleza si ya Wasinhala. Ni ya mahekalu ya Kichina.

Katika hekalu la Kichina, hasa mbele ya sanamu ya Guanyin, ambaye ni mwenye huruma asikiaye vilio vya ulimwengu, huwekwa mkebe wa mwanzi wenye vijiti, mara nyingi 100. Kila kijiti kimeandikwa namba. Mtu mwenye shida hupiga magoti, huitaja shida yake kimoyomoyo, kisha huutikisa mkebe akiuinamisha polepole hata kijiti kimoja kichomoke na kuanguka chini. Huiangalia namba. Mara nyingi hurusha vipande viwili vya mti vilivyochongwa mfano wa mwezi mwandamo, ili kuhakikisha kwamba kijiti hicho ndicho chake. Ndipo huenda kuchukua kikaratasi chenye namba ile ile, na humo hukuta ubeti wa mistari minne. Pembeni huandikwa daraja la bahati, kuanzia njema sana hadi mbaya, na maelezo mafupi kuhusu mavuno, safari, ndoa, ugonjwa na kesi mahakamani. Vitabu vya beti hizo vilikuwa vikichapishwa China tangu karne ya 13, na kutoka huko desturi hiyo ilivuka hata Japani.

Msikilizaji wa pwani atatabasamu hapa, kwa maana sisi nasi tuna ramli. Mpiga ramli huchora alama zake na kupata sura 16, na neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, lenye maana ya mchanga. Tena haifai tuwacheke Wachina wala tujicheke. Mtu ambaye shamba lake limekataa miaka mitatu hatafuti falsafa. Anatafuta mtu wa kumwambia neno.

Kilichonivuta katika beti za Kichina ni yale zinayosema zinapokuwa za bahati mbaya. Nilitarajia ukali. Nilitarajia zimkaripie mtu kwa uvivu au kwa dhambi. Zipo zinazoonya, lakini picha inayorudi, katika beti hizo na katika fasihi ya Kibudha kwa jumla, ni ya kazi nyingi iliyoelekezwa mahali pasipokuwa na kitu. Mojawapo ya picha hizo ni ya mtu anayeupika mchanga akitarajia upate kuwa wali. Hata akiuchochea moto vizazi na vizazi, atapata mchanga wa moto. Nyingine ni ya mtu anayeuchota mwezi majini.

Picha hii ya mwezi ina hadithi yake, katika kitabu cha nidhamu ya watawa kilichotafsiriwa kwa Kichina mwanzoni mwa karne ya 5. Kundi la nyani lilifika usiku kwenye kisima chini ya mti. Mkubwa wao akachungulia, akauona mwezi ndani. Akawaambia wenzake kwamba mwezi umekufa, umetumbukia kisimani, na kwamba ni wajibu wao kuuokoa, la sivyo ulimwengu utabaki gizani. Wakashauriana. Mkubwa akashika tawi, wa pili akashika mkia wake, wa tatu akashika mkia wa wa pili, hata mnyororo wa nyani ukakaribia maji. Tawi lilikuwa dhaifu na uzito ulikuwa mwingi. Likavunjika, wakatumbukia wote.

Ebu tuitazame hadithi hiyo kwa makini, maana ina haki kuliko inavyoonekana. Nyani wale hawakuwa wavivu. Hawakuwa wachoyo pia, kwa kuwa waliutaka mwezi kwa ajili ya ulimwengu mzima. Walipanga vizuri, walishikana, walitii. Kila kitu tunachowafundisha watoto wetu kuhusu kazi ya pamoja walikuwa nacho. Walikosa jambo moja tu, na hilo lingewachukua muda mfupi sana: kuinua macho. Nami nawaza juu ya wale wajumbe watatu wa mwaka 1946 wakiitazama Tanganyika kutoka dirishani mwa ndege. Nchi ikitazamwa kutoka juu kiasi hicho huwa bapa na laini kama maji ya kisima, na kila anayeiangalia huona humo alichokuja nacho.

Hawakuwa wa kwanza katika sehemu zile. David Livingstone aliingia mlangoni mwa Ruvuma mwezi Machi 1861 kwa meli ndogo iitwayo Pioneer. Alitumaini kwamba mto huo unatoka Ziwa Nyasa, na kwamba utampa njia ya kufika ziwani bila kupita mikononi mwa Wareno waliokuwa wameushika Zambezi. Maji yakapungua, akarudi. Mwaka 1862 akaja tena kwa mashua, akapanda zaidi ya maili 100, mabaharia wakizikokota mashua hizo juu ya mafungu ya mchanga, hadi miamba ilipowazuia. Mwaka 1866 akashukia Mikindani na kwenda kwa miguu. Mto Ruvuma hautoki ziwani. Unaanzia katika milima ya Matogoro, karibu na Songea, na maji ya ziwa hutoka kwa mto Shire yakaelekea huko huko Zambezi. Bidii ya wale mabaharia ilikuwa ya kweli, na hakuna kiasi cha bidii ambacho kingeufanya mto ule utoke mahali usipotoka.

Budha alipoanza kufundisha, karibu na mji wa Benares, alisema habari za mateso, na neno alilolitumia lina upana kuliko maumivu. Linajumuisha hali ya kutotimia, kama gurudumu lisilokaa sawasawa katika mhimili wake. Akasema chanzo chake ni kiu. Wengi wetu tukisikia hivyo hudhani anamlaumu maskini kwa kutaka chakula. Sivyo ninavyoelewa mimi. Kiu anayoisema ni ile inayomzuia mtu kuona kilicho mbele yake, kwa kuwa macho yamejaa anachokitaka. Njaa ya Waingereza ilikuwa halali. Kiu ndiyo iliyowafanya wasipime mvua ya Kongwa kwa miaka ya kutosha, wasimwulize Mgogo kwa nini yeye hakuulima uwanda ule kwa karanga, na walipoona mavuno ya kwanza hayafai wakaongeza matrekta.

Kwa hiyo ubeti wa bahati mbaya una fadhila moja kubwa: unamwachilia mtu kutoka katika aibu. Unamwambia, tatizo si mikono yako. Watu wa Kusini wangestahili kuambiwa hivyo mapema. Wakati wa ukoloni jimbo lao lilifananishwa na Cinderella, yule binti wa hadithi ya Kizungu anayeachwa jikoni ilhali dada zake wanakwenda ngomani. Baada ya uhuru wao wenyewe walizoea kusikia, mara kwa mzaha, mara kwa dharau, kwamba wamebaki nyuma. Lakini ni watu hao hao ambao mama zao, katika Uwanda wa Makonde usio na mto wala kijito juu yake, waliteremka magenge hadi mabondeni kuchota maji, wakapanda tena na ndoo kichwani, kabla jua halijachomoza. Anayewaita wavivu hajapata kuuona mteremko wa Newala.

Hata hivyo sitaki kuusifu ubeti huo kupita kiasi, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoupenda sana. Budha mwenyewe aliwakataza watawa wake kujipatia riziki kwa kutabiri bahati za watu. Jambo hilo limo katika mahubiri yake ya kale, ingawa mahekalu mengi yamelisahau. Nadhani alikuwa na sababu. Neno linalomliwaza mtu aliyechota mwezi linaweza kumdhulumu mtu aliyevua samaki. Kwa maana kuna aina mbili za jasho lisilozaa. Kuna la yule aliyetafuta tunda mahali lisipokuwapo. Na kuna la yule ambaye tunda lake lilikuwapo, likaiva, likachumwa, kisha likaliwa na mwingine. Wa kwanza anahitaji kuinua macho. Wa pili anahitaji mizani na kitabu cha hesabu, na atakayempelekea ubeti juu ya ubatili wa tamaa atakuwa anamsaidia mwizi.

Karanga za Nachingwea zilikuwa mwezi. Korosho za Mtwara ni samaki.

Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazili karne nyingi zilizopita, ukaipenda pwani hii na mchanga wake. Hakuna tume iliyohitajika. Wakulima walipanda wenyewe mti mmoja mmoja, na msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani kama 145,000, sehemu kubwa ikitoka Kusini. Ndipo likaja agizo la kuhamia vijijini. Familia zilihamishwa mbali na mikorosho yao, magugu yakaota chini ya miti, na korosho iangukayo magugumi haiokotwi. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo. Ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia na kuyaunguza maua. Msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika tani 20,000. Wakati huo huo viwanda zaidi ya 10 vya kubangua korosho vilikuwa vimejengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia, vingi vikimalizika wakati korosho za kuvilisha zinatoweka. Hapo utaona aina zote mbili za jasho zimelala kitanda kimoja: mitambo iliyongoja mwezi, na mkulima aliyenyang'anywa samaki wake.

Wakulima hawakukata tamaa, nao hawakuhitaji mahubiri ili wasikate tamaa. Walijifunza kunyunyizia miti yao unga wa salfa, wakapanda upya, na msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza mwaka 2007, uliwapa mnada na karatasi ya kuonyesha. Kisha mwaka 2018 bei katika mnada ilianguka, wakulima wakagoma kuuza, na mwezi Novemba Rais John Magufuli aliagiza serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba magunia. Wengi walishangilia. Wengi pia walingoja malipo yao kwa muda mrefu sana, huku ada za shule na madeni ya salfa havingoji. Sasa mwambie mtu huyo kwamba chanzo cha mateso yake ni kiu! Kiu yake ilikuwa ya kilo alizokwisha kuzipima.

Niseme pia juu ya gesi, kwa kifupi. Iligunduliwa Ghuba ya Mnazi, jirani na mlango wa Ruvuma, mwaka 1982, kisima kikafungwa kwa kuwa hakikuonekana kuwa na faida, na zaidi ya miaka 20 ikapita kabla umeme wake haujawaka Mtwara. Mwaka 2013 watu wa mji huo waliingia barabarani kuupinga mpango wa kuipeleka gesi Dar es Salaam kwa bomba, damu ikamwagika. Walioyatazama mambo hayo kutoka mbali walisema watu wa Mtwara hawaelewi uchumi. Nadhani walikuwa wanaelewa historia. Walikuwa wamekwisha kuona reli ikija na kuondoka.

Limebaki jambo moja ambalo nimesitasita kulitaja, kwa maana ni rahisi kulitumia vibaya. Mashamba na majengo ya mpango wa karanga hayakukaa bure. Kongwa, tangu katikati ya miaka ya 60, ikawa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Nachingwea ikapewa FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Katika shamba lililokuwa na namba 17 kwenye ramani ya karanga, vijana wa Msumbiji walifundishwa vita na kilimo, na miongoni mwa wakufunzi walikuwamo Wachina. Viwanja vilivyofyekwa kwa ajili ya siagi ya London vikawa viwanja vya gwaride. Mwezi Mei 1975 Samora Machel aliondoka Tanzania akavuka Ruvuma, akaanza safari ya kuishuka nchi yake yote hadi mji mkuu, na tarehe 25 Juni bendera ya Msumbiji ikapandishwa.

Mtu anaweza kusema basi, kumbe jasho lile lilizaa. Nami nakubali kwamba lilizaa, ila kwa mwingine, na kwa namna ambayo hakuna kikaratasi cha hekalu lolote kingeibashiri. Lakini siwezi kumwendea mzee aliyevunjika mguu chini ya mti wa Nachingwea mwaka 1949 nikamwambia kwamba mguu wake umelipwa na uhuru wa Msumbiji. Yeye hakuulizwa. Mhubiri, yule mwana wa Daudi katika Maandiko, aliyaona mambo hayo hayo: mtu hutaabika kwa maarifa yake yote, kisha fungu lake humwachia asiyetaabika. Aliita jambo hilo baya, wala hakulipamba. Katika hilo Mhubiri na Budha wangeweza kukaa kwenye mkeka mmoja.

Bandari ya Mtwara ingali inafanya kazi. Katika miaka ya karibuni imeongezewa gati, na mbali na korosho meli zimekuwa zikipakia hapo makaa ya mawe kutoka bara ya Ruvuma. Kina kile cha maji kilichopimwa kwa ajili ya karanga hakikuwa cha kubuni. Ghuba ilikuwa na kina hicho kabla ya mpango, na itakuwa nacho baada ya makaa. Na kila mwaka, mikorosho inapokaribia kuchanua, wakulima wa Tandahimba, Newala na vijiji vya Mtwara hufyeka chini ya kila mti, kisha hupafagia kama ua wa nyumba, ili korosho itakapoanguka ionekane mchangani. Msimu wa kuokota huanza mwezi wa kumi.